Siku Stima Zilipotea Kiwengwa

Msee wa Kanairo hajui nyota. Wacha nianze na hiyo aibu, juu ndio ukweli. Mimi nimelelewa Umoja, ghorofa ya nne, na ukipanda roofu yetu usiku unapata vitu tatu: tangi la maji, kamba za nguo, na mulika mwizi ya mtaa inawaka ka jua lililokataa kwenda kulala. Ukiinua macho, mbingu ina rangi ya Fanta ya jana. Nyota ziko mbili, tatu hivi, na moja ya hizo ukiicheki vizuri inashuka JKIA.

Alafu nikapata wera Kiwengwa, pwani ya kaskazini mashariki ya Unguja, mwisho wa dala dala ya 117. Hoteli siitaji jina. Wageni wengi ni Wataliano, na mimi niko upande wa animesheni: mchana nachezesha watu voliboli kwa mchanga, jioni nawafunza kudensi, usiku nashika maiki. Huku ata mtoi wa chekechea atakutupia "ciao" kabla akuambie mambo. Shida yangu ilikuwa Kiswahili. Siku ya kwanza nilimwambia mpishi wetu, "Buda, rada?" Akaniangalia ka mtu ameona pweza wa miguu tisa.

"Rada ya meli?" akaniuliza.

Sasa hiyo ndio mbogi yangu huku: huyo mpishi, mtoto wa Kiwengwa damu; askari wetu wa usiku, Mmasai wa Arusha anatembea na rungu na simu mbili; na mzee mmoja wa ngalawa, mjomba wa mpishi, mwenye hacheki na mtu kabla ya kahawa. Hawa ndio walinifungua macho. Lakini kwanza ilibidi stima zipotee.

Ilikuwa mwisho wa Julai 2025, saa tatu usiku. Kusi ilikuwa inapiga mpaka minazi inabonga. Niko katikati ya shoo, wageni wamepanga laini ya kudensi, mara giza. Spika kimya, bwawa kimya, taa za ufukweni zote kwisha. Jenereta ikakohoa mara mbili ikagoma. Nikatoka nje nikitafuta mahali pa kuficha aibu, nikaangalia juu.

Maze.

Nilidhani ni moshi. Nawaapia. Nilicheki kitu nyeupe imetandazwa kutoka kusini, inapita karibu na utosi, inaenda kumwagikia baharini, nikamuuliza mpishi nani anachoma taka Pwani Mchangani saa hizi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Zile nyota, yakhe. Nyota tupu." Nikabaki mdomo wazi. Wageni nao wakaanza kutoka mmoja mmoja, na msee wa miaka sabini akakaa chini kwa mchanga na suruali yake nyeupe bila kujali. Nikamwambia mpishi, mbona hamkuwa mmenishow kuna hii kitu?

"Zipo kila siku," akasema. "Nyinyi ndio mnaziwashia taa."

Ile kauli iliniuma juu ni mimi huwa nawasha. Ni kazi yangu, saa kumi na mbili unusu jioni, swichi saba.

Kutoka hiyo usiku nikachizi. Nikashukisha programu ya Stellarium kwa simu, nikaanza kusoma. Na kitu ya kwanza nilipatana nayo ikanimaliza. Tarehe 1 Julai 2025, wiki chache tu kabla ya jenereta yetu kugoma, darubini ya ATLAS huko Chile ilikuwa imenasa mgeni. Si mgeni wa kulipa kodi ya kitanda. Ni nyota ya mkia imetoka nje kabisa ya mfumo wa jua letu, imezaliwa kwa nyota ingine, inapita tu. Wakaipatia jina 3I/ATLAS, na hiyo tatu ni juu binadamu ameshanasa wageni watatu pekee wa aina hiyo: 'Oumuamua 2017, Borisov 2019, na huyu. Ilikuwa inakuja na spidi ya karibu kilomita 60 kwa sekunde. Piga hesabu na mimi: Nairobi mpaka Mombasa, sekunde nane. Konda hajamaliza kusema "beba".

Na yenye ilinishika zaidi: walipoiona mara ya kwanza ilikuwa upande wa kundi la Mshale, ndani ya ule umati wa nyota wenye nilikuwa nimeuita moshi. Kwa macho huwezi kuiona, ilikuwa hafifu sana. Lakini kujua ilipita hapo ndio utamu. Ni ka kukaa stejini Kencom ukijua ndani ya ule msongamano kuna mtu ametoka mbali na hakuna mwenye anamjua.

Nikaenda kumpa mzee story, nikijua nimeleta mpya. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamweleza mwanzo mwisho. Akanyamaza akishona wavu.

"Itarudi?"

"Hairudi, mzee. Ikienda imeenda."

"Basi ya nini?" akasema. "Nyota ya kumfaa mvuvi ni ile inayorudi."

Nilichekeshwa, lakini nikatulia nikaona ana pointi. Huyu mzee kwake mbingu ni kalenda na ramani. Kaskazini anaiita jaa, na jaa ni nyota, ile yenye inakaa juu ya ncha ya kaskazini ya dunia haitikisiki. Kusini wazee waliita suheli, nayo pia ni nyota, ile kubwa nyeupe yenye Wazungu wanaita Canopus. Yaani babu zake hawakuwa na neno la upande bila kuwa na taa ya huo upande.

Alafu akanipiga chenga. Akaniambia nimuonyeshe jaa. Nikatoa simu, nikageuka kaskazini, nikatafuta wapi. Kumbe Kiwengwa iko kama digrii 6 kusini mwa ikweta, na jaa iko chini ya bahari, haichomozi kamwe. Mabaharia wa majahazi wakiondoka Unguja na kusi kuelekea Maskati ndio walikuwa wanaikuta njiani: wakishavuka ikweta, hapo juu kidogo ya Kismayu, jaa inaanza kunyanyuka kutoka kwa maji, na kila siku wakisonga inapanda. Urefu wake kutoka ukingo wa bahari ndio digrii zako za kaskazini. Nyoosha mkono, kunja ngumi: ngumi moja ni kama digrii 10. Maskati iko karibu digrii 24, kwa hivyo ukipata ngumi mbili na vidole viwili vitatu juu, umefika, tafuta bandari. Hiyo ni GPS ya bure, haina bando, haizimi.

Niliona niko na deni la shule. Nikaanza kuamka mapema kuwafuata mamathe wa kulima mwani.

Hapa lazima nielezee bahari ya Kiwengwa. Mwamba uko mbali, na katikati ni maji ya magoti. Maji yakijaa yanagonga ukuta wa hoteli, yakikupwa unatembea nusu saa ukitafuta bahari ilienda wapi. Sasa kuna siku maji yanakupwa kiasi, hayo wanaita maji mafu, na kuna siku yanatoroka kabisa, hiyo ni bamvua. Bamvua inakuja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, juu hizo siku jua na mwezi zimepanga laini moja zikivuta maji pamoja. Mwani unafungwa na kuvunwa bamvua. Ndio maana mama mwenye hajawahi kushika darubini anaweza kukuambia umri wa mwezi leo bila kuangalia juu. Anaangalia miguu yake, maji yamefika wapi.

Nilimuuliza mmoja, "Mama, unajuaje?" Akanijibu, "Mwanangu, mie mwezi ndio bosi wangu. Wewe bosi wako humjui saa zake?"

Na hapo, na harufu ya mwani unakauka kwa mchanga, nikakumbuka ile ngori ya sayari K2-18b. Aprili 2025 timu ya Cambridge ya msee anaitwa Nikku Madhusudhan ilitangaza imepata, kwa darubini ya James Webb, dalili za gesi ya dimethili salfaidi kwa hewa ya hiyo sayari, miaka ya nuru 124 kutoka hapa, upande wa kundi la Simba. Hiyo gesi kwa dunia yetu inatolewa sana na viumbe vidogo vya baharini, na iko ndani ya ile harufu unainusa ukifika pwani, kabla ujaona maji. Yaani walikuwa wanasema wamenusa bahari ya watu wengine. Wanasayansi kibao wakaruka juu: data ni nyembamba, hesabu inaweza kukupa jibu lingine, tulieni. Mimi nasimama na hao wa kutulia. Lakini siwadanganyi, tangu nisome hiyo kitu siwezi kupita kwa mwani bila kuvuta pumzi mara mbili.

Sasa niwapeleke kwa usiku wenyewe. Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025, mwezi wa Mfunguo Sita, Maulidi ikiwa bado mpya masikioni.

Kiwengwa inaangalia mashariki, kwa hivyo mwezi mpevu unatoka baharini mbele yako live, mkubwa, rangi ya papai. Tulikuwa tumepanga viti. Saa moja na dakika ishirini na saba ukaanza kuliwa. Kitu inakula kutoka upande mmoja, pole pole, na si ka wingu, ni ka mtu anazima taa za nyumba chumba kwa chumba. Askari wetu akaacha simu zote mbili.

"Mwezi umepatwa," mpishi akasema.

"Umepatwa na nini?"

"Umepatwa tu, bwana we. Na jua likipatwa linapatwa tu."

Akavua aproni akaenda. Msikiti ulikuwa unaita swala ya kupatwa kwa mwezi, na kijiji kikaenda kusimama rakaa ndefu, ile ina rukuu mbili mbili. Mimi nikabaki na wageni. Kiukweli nilijiona mjinga kidogo, nimekaa na juisi ya ukwaju naangalia shoo, na watu wamesimama safu.

Saa mbili unusu mwezi wote ulikuwa ndani ya kivuli, na ulikaa humo dakika 82. Haukupotea. Uligeuka nyekundu, ile ya shaba ya sufuria nzee. Mgeni mmoja akauliza kwa nini nyekundu, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa na jibu. Dunia imesimama katikati, imeziba jua, lakini pembeni pembeni kuna hewa, na mwanga unapenya hapo. Hewa inatawanya buluu, inapitisha nyekundu, kitu ile ile inafanya magharibi kuwaka jioni. Saa tatu na dakika kumi na moja, kivuli kikiwa katikati, jua lilikuwa linazama Accra na linachomoza Fiji, na rangi ya zote mbili ilikuwa imetua pale juu kwa mwezi wetu. Msee, nilisema hiyo sentensi kwa Kitaliano changu cha kubahatisha, na wakapiga makofi. Kwa animesheni yangu yote hawajawahi kunipigia hivyo.

Na juu mwezi ulikuwa umezimwa, nyota zikarudi. Mbingu ya mwezi mpevu huwa imeoshwa, huoni kitu. Hiyo usiku ilifunguka ka mtu amevuta pazia. Maji nayo yalikuwa yanakimbia kuelekea kupwa, bamvua ya nguvu, mchanga unabaki uking'aa ka kioo chenye kutu.

Nikapigia mathe simu Umoja. "Mathe panda juu." Akasema ameshapanda, majirani wote wako juu, wamesongesha nguo za watu. Kwa mara ya kwanza yeye na mimi tulikuwa tunacheki kitu moja na hakuna mulika mwizi ingeweza kuizuia.

Yule msee wa suruali nyeupe alikuwa ameenda kwao tangu Agosti, lakini kulikuwa na mwingine, mwalimu mstaafu, alikuwa amebeba darubini ndogo kwa begi la kamera. Akaielekeza kwa nukta ya njano chini ya mwezi. Zohali. Nikaweka jicho. Nilitarajia ile picha ya vitabu, sayari na sinia lake. Nikapata mpira mdogo umechomwa na kijiti, mshikaki wa nyama moja. Akanieleza: kila miaka kama kumi na tano hizo pete zinatugeuzia ukingo na zinakonda karibu kupotea, na mwaka 2025 ndio ulikuwa mwaka wake. Galileo mwenyewe aliiona Zohali 1610 akadhani ni nyota tatu zimekaa pamoja, na 1612 akaangalia tena akapata zile mbili za pembeni hazipo. Mzae alichanganyikiwa. Mimi nilifurahi kuchanganyikiwa kwa kampani nzuri. Mpishi aliporudi kutoka msikitini akachungulia pia, nikamwambia hiyo kitu ina miezi 274, na 128 kati ya hiyo ilitambuliwa Machi 2025 kwa mpigo mmoja.

Akatoa jicho kwa darubini. "Miezi mia mbili na sabini na nne! Na sisi huu mmoja kila Ramadhani tunabishana kama umeandama."

Siku yangu ya ofu nikapita Tunguu, penye iko kampasi ya chuo kikuu cha SUZA, juu nilisoma kitu sikuamini. Hapo Tunguu, mwanzo wa miaka ya 1960, Wamarekani waliweka kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury. John Glenn akizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, alipita juu ya Unguja na kituo cha hapa kikawasiliana naye, kabla aingie juu ya Bahari ya Hindi kucheki jua likizama. Wananchi hawakuwa wajinga; kulikuwa na maandamano, wengi wakishuku ni kambi ya makombora. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikafungwa. Na sisi Wakenya tuna yetu: Malindi, Desemba 12, 1970, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, na juu ilikuwa sikukuu, ikaitwa Uhuru. Data yake ndio ilisaidia kushuku Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Hiyo pwani ndio ilirusha jina la Kiswahili juu, na mimi shuleni nilifunzwa Vasco da Gama.

Kuhusu vifaa sitawapotezea saa. Macho yako yanatosha mwaka mzima. Yape nusu saa gizani bila kugusa simu, ama funika kioo cha simu na karatasi nyekundu ya peremende. Ukipata ganji nunua darubini ya macho mawili kabla ya ile ya jicho moja. Na jua usiliangalie kwa kitu yoyote ya kununua uchochoroni. Borisov, mwenye aliona yule mgeni wa 2019, aliiona kwa darubini alijijengea mwenyewe, lakini wewe si Borisov, anza na viti.

Vita yangu ilibaki na swichi saba. Nilienda kwa meneja nikaomba taa za ufukweni zizimwe angalau usiku moja. Akasema wageni wataogopa. Nikamwambia Julai zilipotea na hakuna mwenye aliogopa, walikaa chini. Tukavutana wiki mbili. Mwishowe akakubali usiku wa Desemba 13 kuamkia 14, kuanzia saa sita mpaka saa nane, wageni wakiwa wamelala, na kitu ikiharibika ni juu yangu.

Hiyo ndio usiku ya vimondo vya Jeminidi, mabaki ya jiwe linaitwa Phaethon. Vuli ilikuwa imetupea nafasi, mawingu machache. Tukalala kwa vitanda vya jua, mimi, mpishi, na askari. Jauza, ule umbo mkubwa wa mwindaji, ilikuwa karibu na utosi. Nikawaonyesha bega lake jekundu, Betelgeuse, jina lilianza Kiarabu, mkono wa Jauza. Kwa miaka watu walikuwa wanashuku haiko peke yake. Julai 2025 darubini ya Gemini kule Hawaii ikamnasa mwenzake, nyota ndogo imejibana kando yake, na wakaipa jina Siwarha, bangili yake.

Mpishi akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo siku zote alikuwa kaivaa?"

"Siku zote."

"Na sisi tunauona mkono tu."

Kimondo cha kwanza kikapita kuelekea Pongwe, cheupe, kirefu. Mpishi akasema bibi yake alikuwa anawaambia hivyo ni vinga, shetani amepigwa huko juu. Askari akaanza kuhesabu kwa Kimaasai, mpishi kwa Kiswahili, mimi kwa vidole. Tulipitana hesabu kila mara tukawa tunabishana, mwishowe tukakubaliana tufuate ya askari, juu yeye amezoea kuhesabu ng'ombe gizani.

Thelathini na saba. Saa nane kasoro dakika kumi, mtu wa bwawa akawasha taa.

Ya thelathini na nane mimi sikuiona. Askari anaapa ilipita.